Kwa Mama Yetu Mwanamkasi, Uliyekula Sinia Moja na Mwajabu

Mwaka mmoja umetimia, mama, tangu alfajiri ile ya masika ulipotutoka, na hadi leo jikoni kwako hatujakubaliana nani aonje chumvi.

Kalamu ninayo mimi, Bimdogo, kwa kuwa ndimi mkubwa. Baba amekaa kwenye cherehani yake lakini hashoni. Kila nikiandika maneno mawili matatu namsomea, naye huitikia kwa kichwa, au husema, "Hapo sivyo. Futa." Wadogo zangu Haji na Ashatu wamekaa mlangoni. Tunazungumza nawe, na wanaosoma gazeti hili nao wasikie, maana mengi yalisemwa juu yako mjini Bagamoyo na hukupata kuyajibu.

Ulikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Ulipokuna nazi hukutaka mtu akusemeshe, kwa sababu ulikuwa ukisoma kasida polepole, na ukikatizwa ulianza upya tangu mwanzo. Tui la kwanza uliliweka kando ukalifunika, na ole wake Haji ukimkuta amechovya kidole. Mchuzi uliuonja kwa kuudondoshea kiganjani, ukafumba macho, kisha ukasema, "Bado," hata kama sisi njaa ilikuwa imetushika na hatuoni kilichopungua.

Kabla hujatupakulia sisi ulipakua vibakuli vya majirani. Ashatu ndiye aliyekuwa akivipeleka, kimoja kimoja, vimefunikwa kawa. Ulikuwa na ukali wako pia. Mtu akitia chumvi kwenye sahani kabla hajaonja, ulimnunia wiki nzima. Nimemsomea baba hapa, akacheka kidogo, kwa sababu mtu huyo alikuwa yeye.

Mtaa ulikujua kwa mkono wako. Harusi, maulidi, matanga: watu walikuja kwanza kuuliza kama Mama Bimdogo ana nafasi, ndipo wakapanga siku. Ulisimama mbele ya masufuria, kanga umeikaza kiunoni, ukawagawia wenzio kazi, huyu vitunguu, yule mchele, na hakuna aliyebisha.

Na ulikuwa na shoga yako Mwajabu. Sisi tulikua tukilijua jina hilo kama jina la marehemu. Mlisoma chuo kimoja cha Kurani, mkachezwa unyago mwaka mmoja, mkajifunza kupika nyuma ya nyumba ya bibi kwenye vyungu vya kitoto, kwa mchele mlioiba ndani. Kisha yeye akaolewa Miono, wewe ukaolewa hapa hapa. Siku ya kuagana mlilia mpaka wakubwa wakawagombeza.

Miaka michache baadaye kaka yake Mwajabu alikwenda Miono akarudi peke yake. Akasema dada yake ameshikwa na homa, amekufa, amezikwa huko huko. Jamvi likatandikwa, watu wakaja kuhani. Wali wa hitima ulipika wewe, mimi nikiwa mgongoni mwako, bado nanyonya. Shangazi Fatu anakumbuka kwamba ulikataa kusaidiwa. Ulisema, "Niacheni. Ndicho chakula cha mwisho ninachompikia." Na tangu hapo, kila ulipowasomea wazazi wako, ulimsomea na yeye. Tulizoea kusikia jina lake kwenye dua kabla ya kula.

Halafu akaja Kitwana. Huyu alikuwa utingo wa lori lililokwenda kuchukua mkaa ukingoni mwa Ruvu. Mwaka huo mimi nilikuwa nimekwisha kuwa msichana wa kuposwa. Alibisha hodi mchana, akakataa kuketi. Alisema ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Fukayosi, kuna kijiji cha wagonjwa wa ukoma, na huko yuko mama mmoja anayemuuliza kila mtu atokaye Bagamoyo kama Mwanamkasi binti Mwinyimvua yu mzima.

"Anaitwa nani?" ukamwuliza.

"Anasema Mwajabu."

"Mwajabu wa wapi?"

"Wa hapa hapa mjini. Amesema nikwambie, mlikuwa mkiiba mchele pamoja."

Ulikuwa umeshika upawa. Uliuweka chini taratibu, ukaingia chumbani, ukafunga mlango. Hatukusikia kilio. Ulipotoka macho yalikuwa mekundu, ukaniambia nikachukue nazi mbili kubwa na nimtafute mtu mwenye samaki aina ya changu wa asubuhi.

Kesho yake tulikwenda mimi na wewe. Tulipanda lori mpaka ukingoni, tukavuka kwa mtumbwi, tukatembea juani wewe ukiwa na sinia la wali kichwani na mimi nimebeba samaki wa kupaka. Vibanda vyenyewe vilikuwa vya makuti, vimetengana, na wagonjwa waliokaa milangoni walitutazama sana, kwa sababu hawakuzoea kuona watu wazima wa afya wakiingia na chakula.

Mwajabu alikuwa amekaa chini anachambua mbaazi kwa viganja. Vidole vingi havikuwapo tena. Uso ulikuwa umevimba na macho yameingia ukungu.

"Hodi," ukasema.

Alisimamisha mikono. "Sauti hiyo ni ya Mwanamkasi," akasema. "Usisogee, mama. Kaa hapo upepo unapotokea."

Hukukaa pale. Ulikwenda ukaketi juu ya mkeka wake, bega kwa bega. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na akauliza mimi ni nani. Ukamwambia.

Kisha akakuuliza, "Uliambiwa nimekufa?"

"Niliambiwa."

"Hitima ilisomwa?"

"Ilisomwa."

"Nani alipika?"

"Mimi."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Basi wageni walishiba," na hapo ndipo wote wawili mlipoanza kulia.

Nilikuona ukinawa mikono, ukimega wali, ukimtoa miiba samaki, ukifanya tonge ndogo na kumtia mdomoni. Tonge iliyofuata uliila wewe, kutoka sinia lile lile, kwa mkono ule ule. Ukaendelea hivyo, yake, yako, yake, yako, mpaka sinia likawa jeupe.

Ndipo alipokueleza. Mumewe wa Miono alipoyaona mabaka mwilini mwake alimpa talaka. Kaka yake alikwenda kumchukua, lakini hakumrudisha nyumbani. Alimfikisha pale kijijini, akamwambia, "Nisubiri, nitarudi Ijumaa." Akaja mjini, akatandika jamvi la msiba.

Ulisimama kwa hasira. Ulisema unakwenda kumwita kaka huyo mbele ya msikiti, watu wakitoka sala. Mwajabu akakushika kanga kwa kiganja chake.

"Ana mabinti," akasema. "Watu wakijua ukoma uko kwenye ukoo wake, nani atawaoa? Niahidi, Mwanamkasi. Niache nibaki maiti."

Ulikataa mara nyingi. Mwishoni uliahidi, nami nikaahidi kwa sababu nilikuwapo. Ndiyo maana hata hapa, mama, jina la kaka yake sitaliandika.

Kuanzia hapo ulikwenda kila lori lilipokuwa na nafasi. Ulimpelekea bada ya muhogo na mchuzi wa papa, mikate ya kumimina, kisamvu. Ulimwosha vidonda kwa maji ya moto, ukamkata kucha zilizobaki, mkazungumza mambo ya utoto. Ulirudi umechoka, lakini usiku ule ulilala usingizi mzito, tulikusikia ukikoroma.

Lori lina abiria, na abiria wana midomo. Haukupita muda mtaa ukajua kwamba Mama Bimdogo anakwenda kwa wakoma. Hawakujua anakwenda kwa nani. Hilo ulilifunga kifuani.

Tuliona dalili kwanza mwezi wa Ramadhani. Ashatu alipeleka kibakuli cha mbaazi za nazi kwa jirani wa ukuta kwa ukuta, na asubuhi kilirudishwa na kawa lake juu, hakijafunuliwa. Wewe ulikipokea, ukamwambia aliyekileta ahsante. Jioni yake ulipeleka tena. Kikarudi tena. Mwisho wa mwezi ulikuwa ukipika cha watu watano tu, mtu ambaye hakuwahi kupika sufuria dogo maishani mwake, na ulikosea kipimo kila siku, wali ukabaki, ukawapa kuku.

Ikaja harusi ya binti wa kwanza wa kaka yake Mwajabu. Ulikuwa umekwisha kuombwa kupika tangu zamani. Siku mbili kabla walikuja wanawake wawili, wakakaa ukingoni mwa kitanda cha barazani kama watu wanaotaka kuondoka.

"Mama Bimdogo," mmoja akasema, "usitufikirie vibaya. Bwana wa shughuli amesema usipike. Wageni wana hofu."

"Amesema yeye mwenyewe?" ukauliza.

"Mwenyewe."

Nilikutazama. Neno moja tu lilikuwa linatosha. Ungelisema, na harusi ile isingefungwa. Ulikaza kanga yako, ukasema, "Haya. Mfikishieni salamu, mwambieni namwombea heri yeye na mwanawe." Siku ya harusi ngoma tuliisikia kwetu. Ulikuwa umekaa jikoni, moto haukuwashwa, unachambua mchele ambao ulikuwa umekwisha kuchambuliwa.

Baada ya hapo watu wakaanza kumpelekea fundi mwingine kanzu zao. Na wazee wa Pangani walioleta posa yangu wakatuma mtu kusema kijana wao ameghairi. Hawakutoa sababu. Hatukuuliza.

Jioni ile baba alifunga cherehani mapema. Ananiambia niandike maneno yake kama yalivyokuwa, nisiyapunguze.

"Mwanamkasi," alisema, "tuna watoto. Acha kwenda. Walau mpaka huyu aolewe. Mtu mmoja hawezi kutuvunjia nyumba nzima."

"Baba Bimdogo," ukajibu, "nimekwisha kumzika mara moja. Mara ya pili siwezi."

"Na huyu?" Akanionyesha mimi kizingitini. "Huyu utamwambia nini?"

Ulinigeukia. Hukusema kwamba atapatikana mwingine, wala kwamba ni majaaliwa. Ulisema, "Limekuangukia wewe, mwanangu, nami naliona. Ningekuwa na njia nyingine ningeishika."

Nikakujibu, "Nani atamlisha, mama?"

Baba alitoka nje, akakaa barazani mpaka adhana ya isha. Hakukukataza tena, lakini hakusema neno la kukubali. Siku nyingi zikapita hivyo, nyumba imenuna. Kisha asubuhi moja, ukifunga kapu la safari, ulikuta humo gauni jipya la kitambaa cha marekani, mikono mipana, shingo pana, halina kifungo hata kimoja, ili anayelivaa asihitaji vidole. Ulimtazama baba. Alikuwa ameinama anatia uzi kwenye sindano. Uliondoka ukiwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu Ramadhani.

Mwaka jana masika yalikuja kwa nguvu. Ulikwenda na ukavuka salama, lakini wakati wa kurudi lori lilizama kwenye tope, ikashindikana kulitoa. Mlishuka mkatembea kwa miguu, mvua juu yenu muda wote. Ulifika nyumbani unatetemeka. Siku ya pili kifua kilikubana, ukawa huwezi kulala chali. Bwana dawa alikuja, akakusikiliza mgongoni, akasema kichomi, akaacha dawa. Shangazi Fatu alikukanda kwa mafuta ya nyonyo. Homa haikushuka.

Ulikuwa ukiuliza jambo moja tu. "Mmempelekea?"

"Mto umejaa, mama," tulikwambia.

"Basi Kitwana amwambie sababu. Asije akadhani nimemwacha pale kama alivyoachwa."

Alfajiri ya siku ya sita Haji alikuwa amekuegemeza kifuani pake ili upate pumzi. Ulisema kwa sauti ndogo kwamba jikoni kuna kitu kinaungua. Hapakuwa na moto. Tulikuitikia, "Tumekwisha kuepua, mama." Ukatulia, na ulipotulia ndiyo ikawa basi.

Tunaandika wazi, kwa sababu mtaani lilisemwa neno jingine. Ulikufa kwa kichomi. Mwili wako haukuwa na baka hata moja. Nakuapia, nilikuosha mimi. Na hata ungekuwa nalo, ungekuwa mama yetu.

Nilikuosha mimi kwa sababu waoshaji hawakuja. Mmoja alisema ana homa, mwingine alisema amekwenda kwa mwanawe Vigwaza, na tulimwona jioni uani kwake. Tulikuwa wawili tu, mimi na shangazi Fatu, hatujui tuanzie wapi, shangazi analia, maji yanapoa. Nje, wanaume walikuwa wachache kwenye jamvi. Kaka yake Mwajabu alikuwamo. Alikuja, kwa kuwa kutokuja kungeulizwa.

Ndipo lori likasimama. Mto ulikuwa umepungua kidogo, Kitwana akapeleka habari za ugonjwa, na Mwajabu hakungoja. Alivuka na mtumbwi wa kwanza, akiwa amevaa gauni lile alilolishona baba. Alikuja kukuona mgonjwa, akakuta maiti.

Alitembea akiongozwa na fimbo mpaka mbele ya jamvi. Watu wakasimama, wakarudi nyuma. Baadhi ya wazee walimtambua, mmoja akatamka shahada kwa sauti. Mwajabu hakuwaona vizuri, lakini alimsikia kaka yake akikohoa, akajua ni nani.

"Asalaam aleikum, kaka," akasema.

Watu wote wakamgeukia yule bwana. Alikuwa ameshika tasbihi. Alisema, "Simjui mwanamke huyu."

Mwajabu aliibana fimbo yake kwa viganja viwili. Kisha akasema, "Ni kweli, hanijui. Nimemfananisha. Mimi nimekuja kwa Mwanamkasi."

Hapo baba aliinuka. Mtu mpole yule, hatukuwahi kumsikia akipaza sauti hadharani. Alisema, "Mimi namjua. Huyu ni dada wa mke wangu. Mpisheni njia."

Wakampisha. Aliingia uani, akauliza wewe umelazwa wapi, akaketi karibu na kichwa chako. Yeye ndiye aliyetuelekeza, sasa upande wa kulia, sasa kushoto, taratibu, msimkaze. Kata ya maji hakuweza kuishika kwa vidole, akaibana kwa viganja viwili, akakumiminia maji tangu kichwani hadi miguuni, na hakumwaga hata tone nje. Alikuwa akizungumza nawe kwa sauti ya chini. Tuliyasikia lakini hayatuhusu, hatutayaandika.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini kaka yake hakuwamo tena. Baba alimwambia Mwajabu kwamba chumba cha uani kipo, akae. Akajibu, "Ahsante, shemeji. Mji huu ulikwisha kunizika. Kule ndiko ninakoishi." Akarudi na lori lile lile jioni.

Tangu wakati huo, mama, wapo majirani walioanza kuleta vibakuli vyao, wanabisha hodi kwa haya, nasi tunapokea. Wapo ambao mpaka leo wanavuka upande wa pili wa njia wakimwona Haji. Kanzu zimerudi chache. Mimi sijaolewa, na sijui kama nitaolewa. Sikuandiki hili kukusononesha, naandika kwa sababu ungeuliza. Kila lori likipata nafasi nakwenda mimi. Ruvu inanitisha bado. Macho ya Mwajabu yamezimika kabisa, na miguu inamsumbua, lakini anakula.

Nilipomwambia kwamba tunaandika kumbukumbu ya mwaka, nilimwuliza nimtajeje. Nilidhani atasema nimwache. Alifikiri sana, akaniuliza habari za binti wa mwisho wa kaka yake. Nikamwambia ameolewa mfungo mosi uliopita, amehamia kwa mumewe.

"Basi wamekwisha kuolewa wote," akasema. "Ahadi umeitimiza, na mama yako aliitimiza mpaka akaingia nayo kaburini. Sasa niandike. Liandike jina langu lote, na la baba yangu, Bagamoyo wasome."

Nimemsomea baba mstari huu. Amesema, "Hapo ndivyo. Usifute."

Mwenyezi Mungu akurehemu, mama, akulaze mahali pema, na akupe majirani watakaopokea unachowapakulia.

Tunaokukumbuka ni mumeo Bwanausi. Wanao Bimdogo, Haji na Ashatu. Wifi yako Fatu. Kitwana, aliyeleta salamu. Na shoga yako Mwajabu binti Husseni, mzaliwa wa Bagamoyo, ambaye yu hai.

Hatutakusahau, mama, maadamu tunapumua.